Mshahara wa mwezi, kodi ya miezi sita: kinachomuumiza mfanyakazi wa Mbeya

Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi imeanza kutumika Januari 1, 2026. Serikali ilipoitangaza Oktoba 2025 ilisema wastani wa kima hicho unatoka shilingi 275,060 kwenda 358,322. Miezi michache kabla ya hapo, katika Mei Mosi iliyofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ametangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hapa Mbeya habari hizo zimepokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa mfanyakazi wa chini atapumua, hasa katika mkoa ambao chakula kimejaa. Wapo pia wanaosema hakuna kilichoongezeka, kwa kuwa wenye nyumba watapandisha kodi na fedha yote itaishia kwao. Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinatazama kiasi cha fedha, wakati kinachomuumiza mwenye mshahara mdogo katika jiji hili ni namna fedha hiyo inavyodaiwa. Analipwa kwa mwezi, anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyongeza ya mshahara hailigusi pengo hilo, na tusipolizungumza, hata nyongeza ijayo itapotelea humo humo.

Tuanze na hesabu, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa 358,322 anakatwa asilimia 10 ya mchango wa NSSF, yaani 35,832. Kinachobaki kinatozwa kodi ya mapato kwa sehemu inayozidi 270,000 tu, kwa asilimia 8, ambayo kwake ni kama 4,200. Mkononi zinaingia 318,290 hivi. Kabla ya amri mpya, mwenye 275,060 alikuwa akipokea 247,554 baada ya NSSF, na kodi ya mapato haikumfikia. Nyongeza inayofika mkononi, basi, ni karibu 70,700 kwa mwezi, na si fedha ya kubeza. Sasa chukua chumba cha master cha 70,000 kwa mwezi, bei ambayo mtu anayetafuta maeneo ya Ilomba, Iyela au Nzovwe hataishangaa. Kodi hiyo ni asilimia 22 ya anachopokea. Nchi nyingi humhesabu mtu kuwa yuko salama ikiwa nyumba haimli zaidi ya theluthi moja ya kipato. Kwa hesabu ya mwezi, mfanyakazi wetu hana shida ya kodi hata kidogo.

Shida inaanza siku anapokwenda kuchukua chumba. Mwenye nyumba anataka miezi sita, ambayo ni 420,000. Dalali aliyempeleka anataka chake, na kwa desturi chake ni kodi ya mwezi mmoja, 70,000 nyingine. Jumla ni 490,000 kabla hajapewa funguo, kabla hajanunua kitanda, kabla hajalipa bodaboda wa kuhamisha mizigo. Hiyo ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu, na huo mshahara wenyewe unatakiwa umlishe wakati huo huo. Anakopa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 zinataka mkopeshaji mdogo asizidi riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Akikopeshwa 490,000 kwa kiwango hicho, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote kwa miezi sita, atalipa 17,150 za riba kila mwezi, jumla 102,900. Gawanya kila kitu kwa miezi sita: kodi 70,000, udalali kama 11,700, riba 17,150. Chumba cha 70,000 kimekuwa cha karibu 98,900. Tofauti ya 28,900 kwa mwezi ni kama asilimia 40 ya nyongeza yote aliyopewa na amri mpya, na haikwenda kwa mwenye nyumba kama wanavyodhani wanaolalamika. Imekwenda kwa dalali na kwa mkopeshaji, na sababu kubwa ni kwamba fedha ilihitajika yote siku moja.

Hapo bado nimempeleka kwa mkopeshaji anayefuata kanuni. Wengi hawafiki huko. Wanaangukia kwa kausha damu, anayeweka riba anayotaka na kushikilia kadi ya benki ya mkopaji au simu yake, ama wanapakua programu za mikopo kwenye simu, zile ambazo Benki Kuu mnamo Novemba 2024 ilitangaza 69 kati yake kuwa zinaendeshwa bila leseni. Ukimuuliza mtu aliyeingia huko alianzaje, mara nyingi jibu ni moja kati ya matatu: ugonjwa, ada ya mtoto, au kodi ya nyumba. Ugonjwa haupigi hodi. Kodi ya nyumba tarehe yake inajulikana miezi sita kabla, na bado inawakuta watu mikono mitupu, kwa hiyo kuna kitu katika mpangilio wenyewe ambacho hakiendani na maisha ya anayelipwa mshahara.

Wanaosema Mbeya maisha ni rahisi wana ushahidi wa macho, na siwabishii ushahidi wenyewe. Mchele unatoka Kyela na Mbarali, viazi vinatoka Umalila na Isyonje, ndizi zinashuka kutoka Rungwe, mahindi na maharage yako kila upande. Lakini bei ya mchele katika soko la Mwanjelwa haipangwi na ukaribu wa shamba. Inapangwa na mnunuzi wa Dar es Salaam na yule anayepeleka Tunduma kuelekea Zambia na Kongo, kwa sababu mkulima na mfanyabiashara wanauza kwa anayelipa zaidi. Unafuu wa kweli wa kuishi karibu na shamba uko katika kununua wakati wa mavuno na kununua kwa wingi. Mwenye fedha mkononi mwezi wa Juni au Julai anachukua gunia zima na kulala nalo mpaka mwakani. Asiyenazo ananunua kwa kilo na kwa sado mwaka mzima, na kufikia Februari analipa bei ya Februari. Sasa fikiria aliyeingia kwenye chumba Januari. Miezi sita yake inaisha Juni. Wakati mpunga unavunwa na bei iko chini, yeye ndiyo kwanza amemaliza kukusanya au kukopa kodi ya awamu ya pili. Kodi ya mkupuo inamfanya anunue chakula kwa bei ya juu katika mkoa unaolisha nchi, na hili sijaona mtu akilihesabu.

Desturi hii haikuwa na nguvu kiasi hiki siku zote, angalau kwa mtumishi. Mwalimu, muuguzi au karani aliyepangiwa Mbeya zamani alikuwa na matumaini ya nyumba ya Serikali au ya Shirika la Nyumba la Taifa, shirika lililoanzishwa 1962, ambako kodi ililipwa kwa mwezi. Kuanzia 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, na aliyeajiriwa baadaye akakuta milango imefungwa. Mwaka 2005 ikafutwa Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, ambayo kwa mapungufu yake yote ilimpa mpangaji mahali pa kwenda kulalamika. Tangu hapo makubaliano ya mpangaji na mwenye nyumba ni yao wawili, wanasainiana kwenye karatasi ikiwa wana karatasi, na mwenyekiti wa mtaa akiwepo anagonga mhuri. Katika kipindi hicho hicho jiji limejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, ya 2022 ikahesabu 541,603. Watu zaidi ya 156,000 wameongezeka ndani ya miaka kumi, na karibu wote wamepokewa na nyumba za watu binafsi zilizojengwa chumba baada ya chumba. Penye uhaba, mwenye nyumba ndiye anayeweka masharti.

Lakini uhaba peke yake hauelezi kwa nini sharti liwe miezi sita. Mwenye nyumba angeweza kutumia nguvu yake kudai kodi kubwa zaidi kwa mwezi. Anadai mkupuo kwa sababu fedha ya Nyanda za Juu Kusini yenyewe inatembea kwa mkupuo. Mkulima wa viazi anapata fedha anapouza, mara mbili au tatu kwa mwaka, halafu anakaa. Mwenye mpunga anapata akivuna. Mfanyabiashara wa Soweto au Sido anazungusha mtaji, na lori la mzigo likilipwa anaweza kutoa laki nne bila kuhema. Njombe na Makambako ni vivyo hivyo kwa wenye mbao na parachichi. Watu hawa wangeambiwa walipe kila mwezi wangeona usumbufu. Kwao miezi sita, hata mwaka, ni nafuu: unalipa ukiwa nazo, unasahau. Nyumba nyingi za kupanga hapa zimejengwa na watu wa kalenda hiyo, kwa ajili ya watu wa kalenda hiyo.

Halafu kuna wanafunzi, na hapa ndipo panaponifikirisha zaidi. Mbeya ina vyuo vikuu vya MUST na TEKU, kampasi ya Mzumbe, chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya kati. Iringa ni hivyo hivyo, nenda Kihesa uone. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kiwango kilichopanda kutoka 8,500 mwaka 2022. Ukijumlisha, ni kama 300,000 kwa mwezi, hazizidi anachopokea mfanyakazi wa kima cha chini. Lakini boom, kama wanafunzi wanavyoiita fedha hiyo, haliji kwa mwezi. Linakuja kwa mkupuo, fedha ya miezi kadhaa kwa wakati mmoja. Wanafunzi wawili wakiungana siku boom limeingia, wanalipa miezi sita taslimu na hakuna mazungumzo. Mfanyakazi mwenye kipato kile kile, tena cha uhakika zaidi, wa miezi kumi na miwili kwa mwaka, anashindwa kuchukua chumba hicho hicho. Nenda Iyunga au Block T utaona vyumba vizuri vimechukuliwa na nani. Sina kinyongo na wanafunzi, nao wana shida zao. Ninachosema ni kwamba watu wawili wenye uwezo sawa wanatengwa na ratiba ya malipo, na hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba ukubwa wa mshahara si kiini cha jambo hili.

Mwenye nyumba naye ana hoja, na ni hoja nzito kuliko wapangaji wengi wanavyokubali. Wengi wao si matajiri. Ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba sita, mwalimu aliyejibana miaka kumi na tano. Mkopo wa nyumba wa benki una riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka na unataka hati, kwa hiyo hawaugusi. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati za chumba kinachofuata na kulipa ada ya Januari. Kwa maneno mengine, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba, na ili aweze kumkopesha inabidi yeye mwenyewe akakope kwa riba. Zaidi ya hapo kuna woga wa kutolipwa. Dada mmoja anayeuza duka la vifaa vya simu pale Kabwe alinisimulia alivyomwomba mama mwenye nyumba wa Isanga alipe miezi miwili miwili. Jibu alilopewa lilikuwa la upole: "Mwanangu, ukinipa ya miwili, wa tatu nikutafute wapi?" Mama yule hakuwa na tamaa. Alishawahi kuhamwa usiku, mtu na mizigo yake yote, na miezi mitatu ya deni. Angekwenda wapi? Mabaraza ya kata tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, hayana mamlaka ya kuamua. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina foleni ya mashauri ya mashamba na viwanja, na mama mwenye chumba cha 50,000 hawezi kuendesha shauri la miezi kwa deni la laki moja na nusu. Miezi sita ya mbele ndiyo bima yake, kwa kuwa sheria haikumpa nyingine.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa sana na watu wenye nyumba zao, ni kwamba mwenye mshahara mdogo ahamie pembeni ambako vyumba ni rahisi. Itazame Mbeya ilivyokaa. Jiji limebanwa na milima kaskazini, limenyooka kufuata barabara kuu ya TANZAM, ndiyo maana hata mradi wa kuipanua kuwa njia nne unapimwa kwa urefu: kilomita 29 kutoka Nsalaga mpaka Ifisi. Pembeni ya Mbeya maana yake ni mbali kwa barabara hiyo moja, Uyole na Nsalaga upande mmoja, Iwambi na Mbalizi upande mwingine. Tuseme mfanyakazi wetu anaacha chumba cha 70,000 alichokuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini, anapata cha 40,000 huko. Ameokoa 30,000. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 imekuwa 600 tangu LATRA ilipotangaza viwango vipya Desemba 2023. Kwenda na kurudi 1,200, kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Alichookoa kimekwisha, na hapo ni gari moja tu. Akibadilisha gari kila upande ni 62,400. Bado sijaweka bodaboda ya kutoka lami kwenda ndani, ambayo masika tope likikolea inapanda, wala saa anazopoteza, wala hatari ya binti anayefunga duka saa mbili usiku na kushukia kituo kisicho na taa. Na huko pembeni napo wanadai miezi sita.

Gharama nyingine za chumba cha kupanga nazo zinamkaba aliye chini kwa mtindo huo huo. Nenda kwenye nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja ya LUKU. Ukutani, karibu na mita, limening'inizwa daftari la shule kwa kamba ya katani: majina ya wapangaji, na mbele ya kila jina vifaa vyake, taa, redio, pasi, friji. Hita ya maji ya kuoga imepigwa marufuku, ingawa Juni hapa asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa. Kila mmoja anatumia kidogo, tuseme uniti 20 kwa mwezi. Angekuwa na mita yake, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Lakini mita ni moja, uniti 20 mara sita ni 120, nyumba nzima imeingia kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti. Watu sita wasio na uwezo wanalipa bei ya mtumiaji wa kawaida, karibu mara tatu ya ile waliyowekewa wao. Na anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, iliyopanda kutoka 1,000 Julai 2023. Mwenye kuwajibika na kodi hiyo ni mwenye jengo, ila sijakutana na mpangaji aliyekwenda kumdai arudishiwe. Anaogopa kuonekana msumbufu, awamu ya kodi inakaribia. Mkaa nao ni hivyo hivyo: anayenunua gunia analipa kidogo kwa kilo kuliko anayenunua kopo, na mtungi wa gesi wa kilo sita, ambao kwa matumizi ya mwezi ungemtokea nafuu, unataka fedha nzima siku ya kuujaza.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Inasema hivi: mtu akishaingia kwenye chumba, kuweka 70,000 kila mwezi kwa miezi sita ni sawa kabisa na kulipa 70,000 kila mwezi, kwa hiyo anayeshindwa kulipa awamu ya pili ameshindwa nidhamu, hajashindwa kipato. Kwa hesabu ya karatasi ni kweli. Lakini kodi ya mwezi ukishailipa imekwenda, haiwezi kurudi. Akiba ya kodi inakaa kwako, kwenye simu, na kila shida ya ukoo inaijua njia. Mwezi wa tatu una 210,000, anafiwa shangazi Tukuyu, wewe ndiye mwenye ajira katika familia, utasema huna? Mtoto wa kaka anaanza kidato cha kwanza, mshahara wenyewe umechelewa wiki mbili kwa mwajiri, dukani wanataka deni lao kesho. Watu wetu hawakosi nidhamu. Michezo, vikoba na SACCOS zilizojaa Mbeya nzima ni ushahidi kwamba wanajua kuweka, na wengi wanapanga zamu yao ya mchezo iangukie mwezi wa kodi. Hiyo ni akili kubwa ya kujinasua, lakini zamu ya mchezo iliyolipia kodi ndiyo ile ile ambayo ingenunua cherehani, gunia la mpunga Juni, au kiwanja Iwambi. Nidhamu yote ya mtu inakwenda kumlipa mwenye nyumba kwa masharti ya mwenye nyumba.

Na wanaohofia kwamba kila shilingi ya nyongeza itamezwa na kodi, nawaelewa, ila naona wanakuza. Wapangaji wengi wa Mbeya hawako kwenye amri ya mshahara: ni mama lishe, vijana wa bajaji, wauza mitumba, wanafunzi. Mwenye nyumba wa Ilemi hapandishi kodi kwa kusoma Gazeti la Serikali, anapandisha akiona vyumba vinagombaniwa. Tena ile 358,322 ni wastani uliojumlisha sekta zenye mishahara mikubwa na midogo, na mhudumu wa baa au wa duka asidhani ndiyo yake. Hatari iliyopo ni nyingine. Mtu akijua ana 70,700 zaidi, na mkopeshaji naye akajua, kinachopanda kwanza ni kiwango cha mkopo anachoweza kubebeshwa.

Kwa hiyo sipendekezi tufufue udhibiti wa kodi wa 1984. Kumpangia bei mstaafu aliyejenga kwa jasho lake ni kumfanya asijenge chumba cha saba, na jiji lililoongeza watu kwa asilimia 40 ndani ya miaka kumi linahitaji chumba cha saba. Ninachotaka ni sheria ndogo na ya wazi: bei iwe ya makubaliano, ila mwenye nyumba wa makazi asiruhusiwe kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele pamoja na dhamana ya mwezi mmoja, na anayetaka kulipa mwaka kwa hiari yake alipe. Kwa upande wa pili wa mizani, mwenye nyumba apewe alichonyimwa: ngazi ya haraka ya shauri la pango, lenye ukomo wa siku, ambapo aliyekaa miezi miwili bila kulipa anaondolewa kwa amri halali, na si kwa kung'olewa mlango au kukatiwa umeme. Bila nusu hii ya pili, nusu ya kwanza haitatekelezwa. Wapangaji watakaribishwa kwa sharti la kimya kimya la miezi sita, na wote wawili watamficha mwenyekiti wa mtaa, kama leo wengine wanavyokwepa mkataba wa maandishi kwa kuogopa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayotozwa kwenye pango.

Najua jibu litakalotoka: wakilazimishwa kupokea kwa mwezi, watapandisha bei kufidia. Baadhi watapandisha. Wapandishe chumba cha 70,000 kiwe 80,000, hata ukiongeza udalali, mfanyakazi bado yuko chini ya ile 98,900 anayoilipa sasa bila kuiona. Mwenye nyumba naye atakuwa amepata zaidi kwa mwaka kuliko leo, na anayepoteza ni mkopeshaji. Kwa mstaafu anayehitaji mkupuo ili aezeke, SACCOS zinaweza kumkopesha kwa dhamana ya mikataba ya wapangaji wake sita wanaolipa kila mwezi, jambo ambalo leo haliwezekani kwa sababu mikataba yenyewe haipo.

Sheria itachukua muda, na Januari nyingine itafika kabla yake. Waajiri hawana sababu ya kuisubiri. Hospitali binafsi, shule, hoteli, kampuni ya ulinzi, zote zina wafanyakazi wanaokopa kwa kausha damu ili walale karibu na kazi. Mwajiri anayeweza kumtolea mfanyakazi 420,000 za kodi na kumkata 70,000 kwa miezi sita bila riba, akiheshimu ile kanuni ya kumbakizia theluthi ya mshahara, amempa nyongeza ya 14,700 kwa mwezi na yeye hakupoteza senti. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani mwaka huu kujadili mikataba ya hali bora na waajiri wa Mbeya, Iringa na Njombe, kifungu hicho kiwekwe pamoja na mshahara, na kiandikwe kwamba kinaanza kumhusu mfanyakazi tangu mwezi wake wa kwanza kazini, kwa kuwa huo ndio mwezi anaotafuta chumba.